Maisha ya Alexander Mackay, Fundi wa Njia ya Mpwapwa

1. Mambo mawili katika mtu mmoja

Katika siku za misafara, kila mtu aliyetoka pwani kwenda nchi za maziwa alipajua Mpwapwa. Hapo chini ya milima palikuwa na maji na chakula, na mbele yake kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, ambayo wapagazi waliivuka kwa haraka, wakichukua maji yao katika vibuyu. Kwa hiyo misafara ilipumzika Mpwapwa. Watu walinunua nafaka, wakapoza miguu yao, kisha wakaingia Ugogo.

Katika mwaka wa 1877 njia pana ilikatwa kutoka Saadani, pwani, hata Mpwapwa, mwendo wa maili 230, yaani kama kilometa 370. Aliyesimamia kazi ile alikuwa kijana wa Uskoti, mwenye umri wa miaka 27, jina lake Alexander Mackay.

Wengi wamesikia ya kuwa Mackay alikuwa mmoja wa walimu wa kwanza wa Injili katika Uganda. Lakini tena alikuwa fundi wa mitambo, aliyejifunza hesabu za juu na elimu ya nguvu na mwendo wa vitu. Wako watu, siku zile na siku hizi, wasemao ya kuwa mambo hayo mawili hayapatani. Wanasema mtu ama atatumia akili yake, na kutaka kila neno lipimwe na kuthibitishwa, ama atamwamini Mungu asiyeonekana kwa macho. Mackay alikuwa na mambo yote mawili ndani yake tangu utoto hata kufa. Basi tufuate maisha yake, tuone jinsi alivyoyaweka pamoja. Tena tutapaona mahali ambapo kazi hiyo ilikuwa nzito.

2. Michoro ya mavumbini

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849, katika kijiji cha Rhynie, upande wa kaskazini wa Uskoti. Babaye alikuwa mchungaji wa kanisa. Mzee huyo alipenda sana elimu ya jiografia, hata akatunga vitabu vya elimu hiyo, na wataalamu wakuu wa siku zile walimwandikia barua.

Mtoto hakupelekwa shuleni mpaka alipotimiza miaka 14, kwa kuwa babaye mwenyewe alimfundisha nyumbani. Walipotembea pamoja njiani, mzee alisimama mara kwa mara, akachora mavumbini kwa fimbo yake. Siku nyingine alichora mkondo wa mto Zambezi, kama Livingstone alivyokuwa akiuchunguza. Siku nyingine alichora mistari na pembe, akamwonyesha mwanawe jinsi ya kuthibitisha neno moja la hesabu. Basi kwa mtoto huyu habari za Mungu, habari za nchi na habari za hesabu zilitoka katika kinywa kimoja, wala hakufundishwa nyumbani kwao ya kuwa moja ni adui wa nyingine.

Mtoto alipenda kutazama kazi za mikono. Alisimama katika kiwanda cha mhunzi akitazama chuma kinavyopigwa, na alitembea maili nyingi ili aone gari la moshi likisimama stesheni kwa dakika chache tu. Alijifunza pia kupanga herufi za chapa. Hakuna aliyejua wakati ule ya kuwa kazi hiyo ya chapa itakuja kuwafaa watu wa nchi ya mbali.

Mamaye alikufa mwaka 1865, akamwachia Biblia yake. Miaka miwili baadaye Mackay akaenda Edinburgh kusomea ualimu, na baada ya ualimu akajifunza ufundi wa mitambo. Alisikiliza masomo ya chuo kikuu, na tena alifanya kazi katika karakana ya mitambo karibu na mji ule, mikono yake ikiwa myeusi kwa mafuta.

3. Katika mji wa Berlin

Mwaka 1873 alikwenda Berlin, katika Ujerumani, akaajiriwa kuchora mitambo. Alifanya kazi vizuri, hata akawekwa kuwa mkuu wa idara ya magari ya moshi. Alibuni mashine ya kilimo iliyopata zawadi ya kwanza katika maonyesho ya mji wa Breslau. Saa za mapumziko alitafsiri kitabu cha hesabu za juu kutoka Kijerumani.

Wengi katika mafundi aliofanya nao kazi hawakumwamini Mungu. Tusiwadhanie kuwa walikuwa wajinga au watu wabaya. Walikuwa mafundi hodari, nao waliona ya kuwa elimu yao yatosha kueleza mambo yote. Mackay alikaa nao kila siku, akapima vyuma kwa vipimo vile vile walivyotumia wao, akapata majibu yale yale. Jioni alirudi nyumbani akasoma Biblia yake.

Hapa yafaa tufikiri sisi wenyewe. Gari la moshi laweza kuelezwa lote, kila gurudumu na kila msumari, jinsi moto unavyochemsha maji, na jinsi mvuke unavyosukuma chuma. Maelezo hayo yatakuwa kamili, wala jina la fundi aliyelibuni halitatajwa humo. Hata hivyo fundi yuko. Kwa hiyo mtu aelezaye jinsi mvua inavyonyesha, au jinsi damu inavyozunguka mwilini, hajathibitisha bado ya kuwa hakuna Muumba.

Lakini mtu mwingine atajibu, naye atakuwa na haki ya kujibu. Atasema ya kuwa tumewaona mafundi wakitengeneza magari, na tumewaona Wagogo wakijenga tembe zao, bali hakuna aliyeuona ulimwengu ukiumbwa. Jibu hilo ni zito, na mfano wa gari hauliondoi lote. Akili yaweza kutuonyesha ya kuwa kumwamini Mungu si upumbavu, lakini haitushiki mkono na kutulazimisha. Mafundi wa Berlin walikuwa na vipimo vile vile, wakachagua njia nyingine. Mackay alilijua jambo hilo mapema, kabla hajaiona Afrika, na pengine ndiyo sababu hakuwadharau watu waliobishana naye baadaye.

4. Njia ya Saadani na Mpwapwa

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, iliyotoka Uganda. Stanley alieleza ya kuwa Kabaka Mutesa alikuwa tayari kupokea walimu, na ya kuwa walihitajiwa watu wawezao kufundisha dini pamoja na kazi za mikono, kama vile kujenga, kulima na kutibu wagonjwa. Mackay aliposoma habari hizi aliona ya kuwa anaitwa yeye. Chama cha Misheni cha C.M.S. kilimkubali pamoja na wenziwe, wakawa watu wanane, na yeye alikuwa mdogo kuliko wote. Katika mkutano wa kuagana aliwaambia wakubwa wa chama wasishangae wakisikia, kabla ya miezi sita kupita, ya kuwa mmoja wao amekufa. Aliwataka wasivunjike moyo, bali wampeleke mwingine mara moja. Waliondoka Uingereza mwezi Aprili 1876, na kabla ya mwezi Agosti kwisha mmoja alikuwa amekwisha kufa huko Unguja.

Mackay naye alishikwa na homa kali safarini bara, hata wenziwe wakamrudisha pwani. Alipopona alipewa kazi ya kukata njia mpaka Mpwapwa, ambako chama chake kilikuwa kimeanza kituo mwaka 1876, kituo kilichotiwa nguvu mwaka 1878 alipokuja Dr. Baxter.

Njia ya zamani ilikuwa kijia chembamba cha miguu, kilichopinda huku na huku. Mti ulipoanguka, msafiri wa kwanza aliuzunguka, na wote waliomfuata wakauzunguka, hata baada ya mti kuoza. Mackay alikwenda na kundi la wafanyakazi wenye mashoka, misumeno, sururu na majembe. Alitumia dira kujua upande wa kwendea, wakafyeka vichaka, wakatengeneza mahali pa kuvukia makorongo, wakasonga mbele siku baada ya siku katika jua na mvua.

Mackay alikuwa mtu wa sala. Lakini hakumwomba Mungu amwonyeshe upande wa Mpwapwa kisha akaitupa dira. Aliona ya kuwa akili inayosoma dira ni kipawa cha Mungu yule yule aliyemwomba, na ya kuwa kuacha kuitumia ni kukataa kilichokwisha tolewa. Tena fikirini jambo hili. Aliyesimama Saadani hakuweza kuiona milima ya Mpwapwa. Alianza kufyeka kwa sababu aliyaamini maneno ya watu waliofika huko, na kwa sababu vipimo vyake vilipatana na maneno yao. Kila siku alitenda kwa akili na kwa kuamini pamoja.

Hata hivyo kazi yake haikufaulu kama alivyotumaini. Magari ya ng'ombe yalipoanza kuipita njia ile, mvua ziliigeuza kuwa matope. Tena njia ilipita katika nchi ya mbung'o, na maksai wengi wakafa. Siku zile watu walijua ya kuwa mifugo haiishi penye mbung'o, ila hakuna aliyejua sababu kwa hakika. Mwaka 1895 daktari David Bruce, katika nchi ya Wazulu, aliwaona kwa hadubini vijidudu vinavyochukuliwa na mbung'o na kuingia katika damu ya ng'ombe. Nayo Mpwapwa yenyewe, tangu mwanzo wa karne ya 20, ikawa mahali pa kuchunguza magonjwa ya mifugo, na baadaye aina ya ng'ombe iitwayo kwa jina la Mpwapwa ilipatikana hapo. Tukisema ya kuwa maksai wale walikufa kwa mapenzi ya Mungu tu, tukanyamaza, tusingalijua neno hili la damu. Kumwamini Mungu hakumpi mtu ruhusa ya kuacha kuuliza.

5. Bomba la kisima

Mwezi Desemba 1877 wenziwe wawili Mackay, Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Mackay aliposikia aliiacha kazi ya njia, akaenda mpaka ziwani. Alifika mwezi Juni 1878. Rafiki zake walimwonya, lakini alivuka akaenda kuonana na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, ili kuleta amani. Kisha akaitengeneza mashua yao iliyokuwa imeharibika. Ilipovunjwa tena na mawimbi upande wa magharibi wa ziwa, aliikata sehemu ya katikati, akaziba kwa mbao zake matundu ya mbele na nyuma, na safari ikaendelea. Mwezi Novemba 1878 alifika katika mji mkuu wa Buganda.

Huko Natete alijenga nyumba na karakana. Watu walikuja kila siku kuona moto wake, jiwe lake la kunolea, na chombo cha kukerezea chuma. Alitengeneza gari lililovutwa na maksai, na watu wasiopata kuona gurudumu walilikimbilia kwa vigelegele.

Siku moja alichimba kisima mlimani. Watu walistaajabu, maana walizoea kuteka maji mabondeni tu. Alipotia bomba katika kisima kile na kuanza kusukuma mpini, maji yakapanda na kumwagika. Ndipo watu wakapiga kelele wakisema ya kuwa Mackay ni lubaale. Lubaale ni jina la mizimu mikuu iliyoheshimiwa na Waganda.

Angalieni jambo lililokuwa mbele yake saa ile. Alikuwa amekuja kutafuta watu wa kusikiliza mafundisho yake, na hapa watu walikuwa tayari kumsujudia. Kama angalinyamaza tu, wangalimfuata wengi. Wala asingalihitaji kusema uwongo kwa kinywa, maana watu walikwisha kujidanganya wenyewe. Lakini Mackay hakunyamaza. Aliwaambia ya kuwa yuko Mungu mmoja tu, na ya kuwa yeye ni mtu kama wao. Akawaeleza jinsi bomba lilivyofanya kazi, yaani jinsi maji yanavyopanda ndani ya bomba, kama vile yanavyopanda katika mkonga wa tembo anapoyavuta.

Katika habari zote za Mackay, hii ndiyo inayotuonyesha wazi zaidi jinsi alivyofikiri. Aliona ya kuwa imani iliyojengwa juu ya kutokujua itabomoka siku ile watu watakapojua. Mtoto wa Natete akijifunza kutengeneza bomba, atamdharau mungu wa bomba. Kwa hiyo fundi alifungua mtambo wake mbele ya watu, akauondolea ajabu yake, ili wasimtafute Mungu mahali asipokuwapo. Hapo akili ilikuwa mtumishi wa imani, ikifagia nyumba kabla mgeni hajaingia.

6. Maswali ya Kabaka

Kabaka Mutesa alikuwa mtu mwenye akili kali, aliyependa mabishano. Barazani kwake walikuwapo Waarabu waliofundisha Uislamu, na wazee waliosimamia desturi za nchi. Mwezi Februari 1879 wakafika pia Mapadre Weupe kutoka Ufaransa. Padre Lourdel na Mackay walipingana waziwazi mbele ya Kabaka juu ya mafundisho ya makanisa yao. Mutesa alifadhaika. Aliuliza atawezaje kujua ni nani asemaye kweli, ikiwa Wazungu wenyewe, wote wakimtaja Yesu, hawapatani.

Swali lile lilikuwa la haki, na ugomvi wa walimu haukuwa jibu lake. Hatuwezi kusema ya kuwa Mackay alishinda siku ile, wala ya kuwa Lourdel alishinda. Walimtia mashaka mtu waliyetaka kumsaidia.

Mwezi Desemba mwaka ule ule Kabaka alikuwa mgonjwa, na wakubwa wa nchi wakataka aletwe barazani mjumbe wa Mukasa, lubaale wa ziwa, amponye. Mackay alipinga kwa hoja. Alimwonyesha Kabaka ya kuwa, kama Mukasa ni mungu, basi miungu imekuwa miwili katika nchi. Na kama ni mtu tu, basi wafalme wamekuwa wawili, maana watu wanampa heshima na uwezo ulio wa Kabaka. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na Mutesa aliielewa. Lakini mamaye na wakubwa walimsihi asiiache mila ya babu zake, naye aliogopa kuwaudhi. Mwishowe alitangaza ya kuwa ataziacha dini zote za wageni na kurudia ya wazee wake.

Basi Mackay alijifunza ya kuwa hoja iliyo sawa haitoshi kuugeuza moyo. Mtu huamua kwa akili yake, na tena kwa hofu yake, kwa mapenzi yake, na kwa ajili ya ndugu zake.

Jibu lake kwa swali la Kabaka lilikuja polepole, nalo lilitoka mikononi kuliko kinywani. Alichonga herufi, akatengeneza mtambo mdogo wa kupigia chapa, akachapa alfabeti na karatasi za kusomea kwa Kiganda. Ikiwa walimu wanapingana, wanafunzi wasome wenyewe na kupima. Vijana wa nyumba ya Kabaka walikuja usiku na mchana kujifunza. Tarehe 18 Machi 1882 wa kwanza watano walibatizwa katika kanisa lake. Waganda hawakuwaita waumini kwa jina jingine ila wasomaji. Nchi ile, kumwamini Mungu na kujua kusoma yalikuwa neno moja.

7. Mahali ambapo akili ilisimama

Mutesa alikufa mwezi Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Kabaka huyo kijana aliwaogopa Wazungu, kwa kuwa alisikia ya kuwa wanakula nchi za watu, na katika jambo hilo hofu yake haikuwa ya bure. Aliwashuku pia wasomaji, ya kuwa wana bwana mwingine juu yake.

Mwezi Januari 1885 Mackay alikuwa akienda ziwani pamoja na vijana wake, wakakamatwa njiani na askari. Mackay alisihi, akajaribu kuwakomboa kwa mali, asisikilizwe. Tarehe 31 Januari vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikatwa mikono na kutupwa motoni. Lugalama alikuwa mtoto mdogo. Mwezi Oktoba mwaka ule Askofu Hannington aliuawa katika Busoga. Tena tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, wasomaji wengi walichomwa moto siku moja, wa kanisa Katoliki na wa kanisa la Mackay pamoja. Mapadre na Mackay walikuwa wamebishana, na sasa wanafunzi wao waliwekwa katika moto mmoja.

Hapa msomaji atauliza, na ni vema aulize: kama Mungu yuko, na kama ni mwema, kwa nini hakumwokoa Lugalama? Watu wengi, wa zamani na wa sasa, wamemwacha Mungu kwa ajili ya swali hili. Ni swali zito kuliko yote ya mafundi wa Berlin, maana wale waliuliza juu ya mitambo, na hili lauliza juu ya mtoto.

Mackay hakupata hoja ya kulimaliza. Mtu awezaye kueleza bomba hakuweza kueleza moto ule, wala hakujifanya kana kwamba anaweza. Ila alijua ya kuwa imani aliyoihubiri haikuwahi kuahidi ya kuwa mwenye haki hataumia, kwa sababu katikati yake yuko mwenye haki aliyesulibiwa. Kwa hiyo kifo cha watoto wale kilimvunja moyo, lakini hakikuipinga habari aliyoiamini. Alihuzunika sana, akarudi katika mtambo wake. Alichapa barua ya kuwatia nguvu wasomaji waliojificha. Mwaka 1886 mwenziwe aliondoka, na Mackay akabaki peke yake karibu mwaka mzima, akiifanyia Kabaka kazi ya ufundi mchana, na usiku akipanga herufi. Hivyo ndivyo Injili ya Mathayo ilivyochapwa kwa Kiganda. Na wasomaji, badala ya kupungua, wakaongezeka.

8. Usambiro

Mwezi Julai 1887 Mackay alilazimishwa kuondoka Buganda. Alikaa Usambiro, kusini ya ziwa, akajenga nyumba, akaendelea kutafsiri na kuchapa, akaanza na kutengeneza mashua mpya. Mwezi Agosti 1889 Stanley alifika hapo na msafara wake akirudi pwani, akakaa karibu wiki tatu. Alimwona mtu aliyekaa Afrika miaka 13 bila kurudi kwao hata mara moja, na nyumba yake imejaa vitabu na zana. Stanley alimshauri waondoke pamoja, lakini Mackay hakutaka kukiacha kituo kabla hajaja mwingine. Msafara ukaenda zake, na mwezi Novemba ukapita Mpwapwa. Mackay akabaki.

Mwezi Februari 1890 alishikwa na homa ya malaria, na tarehe 8 akafa. Umri wake ulikuwa miaka 40. Alizikwa Usambiro, na mwaka 1927 mifupa yake ilipelekwa Namirembe, Uganda.

Miaka saba tu baada ya kifo chake, katika mwaka wa 1897, daktari Ronald Ross huko India aliona vijidudu vya malaria katika mwili wa mbu, na hatimaye ikajulikana jinsi homa ile inavyoenea. Kama Mackay angaliishi kuisikia habari hiyo, bila shaka angalitaka kuona hadubini yenyewe, na kuuliza lenzi zake zimepangwa namna gani.

9. Tujifunze nini?

Mackay hakutuachia hoja moja inayomlazimisha kila mtu amwamini Mungu. Alituachia mfano wa mtu asiyeogopa kuulizwa. Palipokuwa na jambo la kupimwa, alipima. Walipomdhania kuwa mzimu, alisema kweli, ingawa uwongo ungalimletea faida. Na alipofika mahali ambapo vipimo vyake vilikwisha, hakujidai kujua asilolijua, bali aliendelea kumtumaini Mungu na kufanya kazi iliyokuwa mbele yake.

Njia yake ya Saadani ilimezwa upesi na majani. Lakini mwanafunzi anayetazama milima ya Mpwapwa leo aweza kukumbuka ya kuwa zamani fundi mmoja alikuja upande huu, dira mkononi na sala moyoni, wala hakuona sababu ya kuitupa mojawapo.

Maswali ya kufikiri

1. Kwa nini Mackay hakukubali kuitwa lubaale? Kama angalinyamaza, yangalitokea nini baadaye?
2. Kabaka Mutesa aliuliza swali gani juu ya walimu waliopingana? Wewe ungalimjibu nini?
3. Eleza tofauti kati ya kusema ya kuwa maksai walikufa kwa mapenzi ya Mungu tu, na kutafuta sababu ya kufa kwao. Je, mtu mmoja aweza kufanya yote mawili?
4. Ni jambo gani ambalo Mackay hakuweza kulieleza kwa akili yake? Alifanya nini baada yake?